Ubani wa Sanda ya Kijakazi

Laki nne na elfu themanini, Mudrik, wala usiniambie "mama pumzika", maana kupumzika nitapumzika sana, tena karibuni, na huko niendako hakuna atakayekuja kuniamsha aniulize pesa za watu ziko wapi. Kilo kumi na mbili za ubani, kila kilo elfu arobaini, hesabu hiyo hata mbuzi wa Utende wanaijua. Unasema ulibakiwa na laki tatu tu, nyingine zilikwenda kwenye mafuta ya boti na soda za watu. Mafuta ya boti hayanihusu na soda sikunywa. Kaa chini. Na wewe Mwanaharusi acha kunipangusa jasho, jasho halijaniudhi, aliyeniudhi ni kaka yako.

Nitegeeni masikio, nyie wawili niliowazaa, na wewe Mwalimu Audax mpangaji wangu, uliyekaa hapo mlangoni na daftari, andika ninavyosema, usinipambe. Mimi ni Mwanamkuu binti Matano, muuza ubani, miguu imevimba mpaka haivai kandambili, moyo unapiga kama mashine ya boti iliyoingia maji, na daktari wa Kilindoni ameniambia kwa adabu kwamba sasa nikae karibu na wanangu, nami najua adabu ya daktari maana yake nini. Waliotutangulia walisema maiti haulizwi sanda. Ndiyo maana nasema leo, ningali na ulimi, kwa kuwa ninayotaka kuyasema ni mambo ya sanda, tena si sanda yangu.

Kwanza mjue mnachokigombania kimetoka wapi. Baba yenu alipokufa, Mudrik ulikuwa na miaka saba na Mwanaharusi yumo mgongoni, na baba yenu mdogo Jumanne akaenda Bweni akaihesabu minazi ya marehemu kama aliyeipanda yeye, akasogeza mpaka mistari mitatu, halafu akakaa barazani akasema, mjane anauza moshi, tuone kama watoto watashiba moshi. Mlishiba. Mlivaa, mkasoma, wewe Mwanaharusi ukaolewa ukiwa na kitanda cha samadari, yote kwa moshi huo huo. Nilianza na kifurushi kimoja cha kukopa kutoka Unguja, ubani wa Usomali uliofungwa kwa gazeti kuukuu, na kwa magazeti hayo ndiyo nilijifunza kusoma, herufi kwa herufi, namkamata kila apitaye na kumwuliza hii ni nini na hii ni nini, mpaka watu wakawa wanazunguka nyuma ya nyumba wasinikute na karatasi mkononi. Sikukalishwa darasani na mtu. Wala mizani sikufundishwa na mtu, ila niliapa isilale upande. Mwenye mia nilimpimia ya mia, mwenye elfu kumi nilimpimia ya elfu kumi, na aliyetaka mkopo nilimwambia usoni, wewe nakukopesha, na wewe sikukopeshi, nenda. Wapo walioniita mkali. Mkali nilikuwa. Mwongo sikuwa.

Na nani katika kisiwa hiki alizaliwa, akaolewa au akazikwa bila kipande changu? Mzazi akitimiza siku saba alifukiziwa wangu. Mtungi wa maji ya kunywa ulifukizwa wangu kwanza, ndipo ukatiwa maji, na mgeni akinywa akauliza maji haya yametoka kisima gani. Mwenye tumbo baridi aliloweka punje tatu mpaka asubuhi akanywa, mwenye kinywa kizito alitafuna, kwenye maulidi chetezo kilizunguka mpaka kwa watoto wa mwisho kabisa kule uani, chombo kipya kabla ya kushuka majini kilifukizwa tezi na omo. Waganga nao walikuja kununulia pepo zao, na mimi pepo za watu sikuziuliza habari, nilipima tu. Hata Mwalimu hapa alinunua kwa ajili ya kigango chao cha Wakatoliki, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi robo kilo, kwa sababu ubani hauulizi mtu dini.

Mwanaharusi, duka ninakuachia wewe, basi sikia na hili. Ubani wa haki ukiuweka juu ya kaa hulainika kwanza, hutoka machozi, halafu moshi wake hupanda mweupe, taratibu, una harufu kama ndimu iliyokwaruzwa ganda. Ukiutafuna hupasuka, kisha hujikusanya wenyewe ukawa laini, mweupe kama tui. Sandarusi ni jirani yake kwa sura tu. Ni utomvu wa mti, tunauokota msitu wa Mlola, nao ni wa manjano, unang'aa, asiyejua atauita ubani tena akausifu. Lakini itie kinywani itakuwa unga wa kioo, itie motoni italia, itatema cheche, itatoa moshi mweusi wenye masizi. Wazee waliichemsha na mafuta wakaipaka mbao za vyombo, na huko kwenye mbao ndiko mahali pake. Haikuumbwa kupitishwa chini ya nguo nyeupe.

Haya, sasa tuje kwako.

Ulikuwa na wavu wako wa juya, Mudrik, na lilikulisha. Hifadhi ya Bahari ilipokuja wakasema juya linakomba vifaranga vya samaki na kuvunja matumbawe, likakatazwa, nawe ukakaa mwaka mzima unatazama bahari kama mtu aliyeachwa na mke. Nilikuonea huruma. Miguu ilipoanza kunisumbua nikakupa ufunguo wa kasha la ubani, nikasema mwanangu kaa dukani, riziki ni riziki. Mpaka leo nikikuuliza lolote unanijibu kwamba Hifadhi ndiyo iliyokumaliza. Hifadhi ilikukataza juya. Haikukutuma uchanganye ubani.

Ukaenda kwenye hoteli moja ya wageni huko ufukweni, wakakwambia wanataka ubani wa kufukizia chumba wanachokandia watu migongo, ukawatajia elfu arobaini kwa kilo, bei ambayo mimi hata kuitamka ningeona haya, nao wakalipa. Hao siwalaumu, walitajiwa bei wakatoa. Ungekuja ukaniambia, ningekutukana kwa ile bei halafu ningekupa nusu ya faida. Hukuja. Ulichota kilo kumi na mbili za ubani wa haki, ukaenda Mlola ukaokota sandarusi, ukajaza kasha, na juu ukatandaza punje nzuri chache kama muuza dagaa anavyowapanga wakubwa juu ya fungu. Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, lakini wewe pakacha ulilitoboa mwenyewe.

Ndipo Kijakazi akafa.

Mwalimu, huyu Kijakazi wa kile kisiwa kidogo cha Bwejuu hukumjua, kwa hiyo andika vizuri. Tulilima mwani pamoja miaka kumi na mmoja, maji yakitoka tumo, yakirudi tumo, mikono imechanika kwa tai-tai, zile kamba za kufungia mwani. Na kabla ya hayo, nilipomzaa huyu Mudrik nikashikwa na homa ya uzazi, nikalazwa siku arobaini sijitambui, Kijakazi alikuwa na mtoto wa rika lake, akamchukua huyu akamnyonyesha ziwa la pili. Kwa sheria ya dini yetu ni mama yake. Na Biubwa, yule kitinda mimba wa Kijakazi, ni dada yake wa kunyonya, hawezi hata kumwoa. Mudrik, inua uso, mwache Mwalimu aone ninamsema nani.

Alikufa mwezi wa Mfungo Tano. Miguu yangu ilikuwa imekataa kuvuka maji, nikasema angalau nimpe kilicho changu, nikakwambia chukua nusu kilo ndani ya kasha, bure, ipeleke Bwejuu uwape waosha mkononi, ni ya sanda ya mama yako. Ulijua kilichomo. Ulikuwa na bahari nzima ya kukitosa kile kifurushi, urudi uniambie umekisahau, na mimi ningekutukana siku mbili yakaisha. Ulikipeleka. Uliona haya kusema kuliko ulivyoona haya kutenda.

Waosha wakatandaza sanda juu ya chetezo kama ilivyo ada, wakatia ubani. Ule ubani ukalia. Ukatema cheche, ukatoboa nguo matundu mawili ya kiasi cha punje ya mtama, na masizi yakapanda yakatulia pale pale panapokuja kukaa kifua cha marehemu. Wanawake wakarudi nyuma. Sanda nyingine haikuwapo kisiwani, wakaigeuza, wakamvisha, akazikwa. Na kabla ya magharibi kisiwa kizima kilikuwa kinasema neno moja, kwamba ubani umemkataa Kijakazi. Wakaanza kumfukua kwa midomo. Huyu akakumbuka zile pesa za mayatima alizowekeshwa, kwamba labda hazikutimia. Yule akakumbuka mwani wa wenziwe uliokufa mwaka ambao wake ulinawiri. Mwanamke aliyerudisha pesa za mayatima mpaka senti, mimi nilikuwepo, nilizihesabu naye.

Sasa andika hili, Mwalimu, kwa herufi kubwa kama unazo, maana hapa ndipo na mimi nilipo. Waosha wawili walivuka bahari kuja kuniuliza. Walikaa hapo ulipokaa wewe. Wakasema kwa heshima, Bi Mwanamkuu, ubani ule ni ule ule wako wa siku zote? Na mimi, kwa kiburi changu, kasha liko hatua nne kutoka nilipokaa, sikulifungua. Nilisema, "Ubani wangu haujawahi kusema uongo. Moshi ukiwa mweusi mtafuteni aliyelala, msinitafute mimi."

Maneno hayo yalifika Bwejuu kabla ya wale waosha kushuka chomboni. Mpaka siku ile yalikuwa mashaka, baada yangu yakawa hukumu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa miaka thelathini, na siku moja niliyotakiwa kuonja tembo langu sikuonja. Walioleta posa ya Biubwa, watu wa Kilindoni, posa imeshapokewa na siku zimeshatajwa, wakatuma salamu kwamba wangoje kidogo, halafu wakatuma mtu achukue vitu vyao. Binti wa watu akaja hapa, hakuja kulia, alikaa kitako akanitazama akasema, "Mama mkubwa, wewe ndiye uliyemjua kuliko wote. Mama yangu alifanya nini?"

Nikamwambia amwombee mama yake msamaha.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Miezi miwili nikaishi hivyo, nimemkasirikia maiti, namlaumu rafiki yangu kwamba alinificha dhambi. Mpaka Jumapili moja Mwalimu huyu akaingia na shati lake la kanisani, akaniamkia shikamoo bibi, nikamwitikia marahaba, akasema, "Bibi, ubani wako umekuwa wa kupakia mitumbwi. Padri alitoka nje anapiga chafya, na kwaya imeimba kwa kukohoa mpaka mwisho." Nilimtukana. Mwalimu, nilikutukana wewe na kabila lako na migomba ya kwenu, nikakwambia ufunge virago, na kodi hukuwa unadaiwa hata shilingi. Nawe ulifungua leso ukanitia kipande mkononi ukasema nitafune. Nilikuwa na meno saba, moja likabaki kwenye kile kipande. Nikajua. Nikatambaa mpaka kwenye kasha, nikaondoa punje za juu, na chini yake nikaiona Mlola nzima imejaa.

Mtu wa kuja, asiye na urithi kwangu, ndiye aliyeniambia usoni. Wangu wote waliuona ule moshi wakaninyamazia kwa heshima, na wewe uliyejua ukaninyamazia kwa woga, na heshima na woga vikishachanganywa hamjui tena kipi ni kipi, kama lile kasha. Mwanaharusi, lishike hilo. Mtu anayekukosoa mlangoni kwako usimfukuze, mpe kiti.

Sasa mali. Nadaiwa elfu kumi na mbili na nesi Devota, za dawa alizoninunulia kwa pesa yake, zimo ndani ya mkebe wa biskuti, apewe leo. Nadaiwa pishi moja ya mchele na jirani. Ninaowadai mimi ni wengi ila wote ni maskini kuliko mimi, waacheni, ukurasa wao uchaneni. Baba yenu mdogo Jumanne akija mazikoni na ile kanzu yake mpya, msimwambie nimemsamehe minazi ya Bweni, sijamsamehe, mwambieni nimechoka kudai. Mizani na chetezo cha shaba nampa Mwanaharusi sasa hivi, ningali hai, ni zawadi si urithi, Mwalimu ni shahidi. Nyumba na minazi niliyonunua mwenyewe mtagawana kama dini ilivyogawa, na Mudrik atapata fungu lake la mwana wa kiume, sitampunja, siwezi kumnyang'anya alichopewa na Mwenyezi Mungu kwa sababu ameniudhi. Lakini deni hutangulia mirathi. Mimi nadaiwa na watoto wa Kijakazi, na wewe unadaiwa na mimi, na hakuna atakayekata hata kuti la mnazi mpaka deni hilo lishuke.

Na litashuka hivi. Itasomwa khitma Bwejuu, kwenye ua ule ule, waitwe waosha wale wale na kila aliyefungua mdomo. Kabla ya kusoma vitawekwa vyetezo viwili, na juu ya kila kimoja kipande cha bafta nyeupe. Kimoja kitatiwa ubani wa haki, kingine kitatiwa kile ulichopeleka wewe, kwa mkono wako, Mudrik, watu wote waone nguo ipi inachafuka, waone kwamba moshi haumjui maiti, unakijua kilichotiwa motoni. Halafu utasema kwa kinywa chako ulichofanya. Usiseme shetani alikupitia. Shetani hana boti. Na Mwalimu atasoma maneno yangu, kwamba Mwanamkuu binti Matano alimshuhudia rafiki yake uongo kwa kiburi, bila kufungua kasha, na anamwomba radhi yeye na Biubwa. Mchele wa khitma na ubani utatoka kwenye hizo laki nne na themanini, na zitakazobaki apewe Biubwa mkononi. Si fidia, jina halinunuliwi. Ni pesa zilizotokana na mama yake kuchafuliwa, na mimi sizitaki ndani ya nyumba yangu wala ndani ya boti yako.

Wale wageni walilala kifudifudi wakakandwa migongo, wakafukiziwa ubani wa haki. Kijakazi, aliyekunyonyesha, ukamfukizia rangi ya mbao.

Niinueni kidogo. Hapo. Pumzi imekuwa fupi.

Sanda yangu ipo kwenye sanduku la juu. Nikifa kabla ya Kijakazi hajasafishwa, msinifukize. Hata punje. Najua watu watasema, muuza ubani kazikwa mkavu, na nyie mtaona aibu. Oneni. Akiuliza mtu, mwambieni kuna deni.

Mwanaharusi, mwanangu, radhi yangu unayo, yote, ya maziwa na ya mgongo. Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na macho mazito ya kupima. Wanao wasikuonee haya. Mwalimu, wewe si wa dini yangu, lakini dua haina mlango, Mungu akurudishe kwenu ukiwa mzima, na kodi ya mwezi huu usilipe. Andika na hiyo. Tia tarehe.

Mudrik. Sogea, siwezi kupaza. Radhi yako ipo, sijaila. Sikulaani. Mtoto ni wangu. Lakini siitoi nusu, wala siitoi kwa ahadi. Usiniambie mwisho wa mwezi, mimi sina mwisho wa mwezi. Pesa zote, hata hizo laki tatu, zimo kwenye mashine ya boti uliyonunua. Nimemwita Hosea, fundi wa Kilindoni, yuko barazani toka asubuhi, bei ya kuinunua nimeshapatana naye, na pesa anazo mkononi. Kaifungue mashine.

Usilie. Nimesema usilie, unanichelewesha.

Laki nne na elfu themanini. Nazitaka leo, kabla ya alasiri. Zihesabu mbele ya Mwalimu, uziweke hapa.